Picha ya Siku ya Kumi na Nne

3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, si umelala. Dada anayekuuguza ameniambia kwamba siku hizi ukilala chali pumzi inakata, na kwamba umegoma kutumia mito mitatu kwa kuwa eti hiyo ni ya wagonjwa. Tafadhali itumie. Na kwa kuwa masikio yako yameshagombana na simu, nimerudi kwenye kalamu kama ulivyoagiza, ingawa mwandiko wangu umeharibiwa na kazi.

Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua lakini mdomo uko palepale. Jana kamfukuza fundi bomba kwa sababu aliingia na viatu. Mume wangu anakusalimu. Mapacha wameng'oka meno ya mbele wiki moja, nyumba nzima inazungumza kwa miluzi.

Sasa lililonileta.

Kuna mtoto wodini, wa kike, miezi minne. Aliletwa juzi na wazazi wake, mguu wa kushoto umevimba, akiguswa anapiga kelele. Nilimpiga picha mwenyewe. Nilimlaza juu ya kaseti moja ya filamu, mtoto mzima kuanzia kidevuni hadi vidoleni, nikapiga mara moja tu. Chini ya goti, kwenye pembe ya mfupa wa muundi, kuna kichembe kimemeguka, chembamba kama ukucha uliokatwa. Mbavuni sikuona kitu. Baba mtu anasema alianguka kutoka kitandani.

Na baba mtu, shangazi, ni Fundi. Yule niliyekuandikia habari zake mwaka jana, anayeifufua mashine yetu ya eksirei kila inapozima. Mtu wa mizaha, kila nesi hapa ni shemeji yake. Alikuwa amesimama kando yangu nikipiga. Akasema, "Daktari, moja inatosha, usimchome mtoto mionzi bure." Nikaona ana haki, nikaacha.

Mkuu wa idara anataka niandike "ameanguka" tumalize. "Hatuvunji nyumba ya mtu kwa kichembe cha mfupa," ndiyo kauli yake. Bado sijaandika. Nimemshikilia mtoto wodini kwa kisingizio cha homa. Niambie: kichembe kile kinaweza kutokana na kuanguka? Na wewe, katika miaka yako yote ya kusoma picha, uliwahi kupata mtoto wa namna hii?

Mwanao,
Chiriku


10 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba. Nimeketi, na mito ni miwili. Wa tatu kauchukua paka, nami si mtu wa kugombana na mnyama. Dada yako hajambo, ananichunga kama askari jela. Miguu imevimba, viatu vyote nimevigawa. Waambie mapacha shangazi bibi naye hana meno ya mbele, waje tuimbe pamoja.

Nimesoma habari ya picha yako nikaweka barua chini, nikanywa maji, nikairudia. Mtoto mzima kwenye kaseti moja! Hiyo ni picha ya ukumbusho, mwanangu, siyo ya uchunguzi. Mwanga unaingia tumboni umenyooka, ukifika kwenye magoti na mikono umeshalala upande, na kila kitu kidogo kinapotea. Kama ni mimi niliyekufundisha hivyo, usimwambie mtu wewe ni damu yangu.

Nakujibu. Mtoto wa miezi minne hawezi kujifikisha ukingoni mwa kitanda. Tuseme kafika, tuseme kaanguka: atavimba kichwa, au atavunjika mfupa katikati. Pembe ya mfupa haimeguki kwa kuanguka. Inameguka mguu unaposhikwa ukavutwa na kusokotwa, au mtoto anaposhikwa kifuani akatikiswa, miguu ikarushwarushwa.

Hukuona kitu mbavuni. Nakuamini. Ubavu uliovunjika juzi hujificha. Ufa ni mwembamba kama unywele. Lakini mwili wa mtoto una haraka ya kujitibu. Baada ya wiki mbili kila ufa unazungukwa na mfupa mpya, na unaona fundo kama la mwanzi. Siku ya kumi na nne ubavu unajisemea wenyewe.

Kwa hiyo siku hiyo piga upya. Kila mkono peke yake, kila mguu peke yake, viganja, nyayo, mgongo, fuvu kwa mbele na kwa upande. Kifua mara tatu: mbele, mshazari wa kulia, mshazari wa kushoto. Pima na damu, na uitazame mifupa kama ni mizima au ni dhaifu kwa maradhi. Kuna watoto ambao huvunjika kwa kubadilishwa nepi tu, na wazazi wao wameonewa sana. Mtendee haki baba kama unavyomtendea mtoto. Kisha wasome madaktari wawili, kila mmoja chumbani kwake, ndipo mlinganishe. Fundi asiwepo.

Na hiyo homa ifute kwenye faili. Andika wazi kwamba unamzuia mtoto kwa ajili ya picha ya pili. Uongo wa kwenye faili usiuzoee, hata ule wa huruma.

Kuhusu swali lako la mwisho, mkono umechoka.

Shangazi yako


19 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika tarehe kumi na mbili, nikacheka mpaka Mama akaja kuuliza nimepatwa na nini. Anakusalimu sana. Goti la kulia sasa limefungwa bandeji na anatembea nalo kama nishani.

Homa niliifuta. Niliandika kwenye faili kama ulivyoagiza: mtoto anasubiri picha ya pili, tarehe kumi na tano.

Tarehe kumi na nne mashine ikazima.

Fundi anasema bodi imeungua na kipuri hakipatikani kabla ya mwezi kwisha. Ndiyo, shangazi, na mimi nilifikiri hilo unalofikiri. Lakini nikaenda kumtazama, yuko chini ya meza ya mashine na tochi mdomoni, jasho linamtoka, ananiambia, "Shemeji, niombee," nikaona haya. Mkewe anakaa kando ya kitanda cha mtoto kutwa. Nikimuuliza jambo, kwanza anamtazama mumewe ndipo ananijibu mimi. Jana alinishika mkono akasema, "Daktari, tuache twende nyumbani."

Kamati ya wodi inakaa tarehe tatu Machi. Ripoti nimeshaiandaa. Nimeandika kuwa ni kuanguka. Sijatia sahihi, lakini nitatia.

Najua utakasirika. Ila wewe unajua nyumba yetu ilivyo. Mimi nimekua bila baba kwa sababu ya nesi mmoja aliyesimama mahakamani akasema aliyoyataka. Kila sikukuu ya familia lazima mtu amtaje huyo nesi, Mama Mwanya, na kila akitajwa Mama anaondoka mezani. Miaka minne gerezani mtu asiye na kosa, akatoka amevunjika, akaenda kuishi mbali na kufia huko nikiwa na miaka kumi na mmoja. Nina picha yake moja tu. Siwezi kuwa Mama Mwanya wa mtoto mwingine. Siwezi, kwa kichembe kama ukucha.

Nisamehe.

Chiriku


24 Februari

Chiriku,

Marahaba. Habari za nyumbani zitasubiri. Barua hii nimemkabidhi dereva wa basi la asubuhi mkononi, na dada yako amemtisha ipasavyo. Usitie sahihi mahali popote kabla hujafika mstari wa mwisho.

Uliniuliza kama niliwahi kupata mtoto wa namna hii. Nilimpata mmoja. Ni wewe.

Ulikuwa na wiki tisa. Baba yako, mdogo wangu niliyembeba mgongoni, alikuja nawe chumbani kwangu kazini, mchana, akiwa peke yake, amekufunga ndani ya taulo la njano. Alisema hunyonyi na unalia ukinyanyuliwa. Nilikupiga picha ya kifua. Upande wa nyuma, karibu na uti wa mgongo, niliona mbavu tatu zina ufa. Ufa wa unywele. Mwingine asingeuona, na hilo ndilo lililonipa ujasiri wa kufanya nilichofanya. Nilikuwa nimerudi kutoka masomoni miaka miwili tu kabla. Nilijua vizuri kwamba mbavu za nyuma za mtoto mchanga hazivunjiki mpaka viganja vya mtu mzima vimshike kifuani na kubana.

Nikageuka nikamtazama mdogo wangu. Akasema, "Dada, usinitazame hivyo. Hujui anavyolia."

Sikumuuliza neno. Nilichukua kalamu nikaandika: mbavu hazina tatizo. Nikatia sahihi. Filamu nikaificha kabatini chini ya koti la kazi, nikakuweka mikononi mwake, akaondoka nawe.

Nataka unielewe hapo. Sikukosea. Daktari anayekosea husamehewa, nami nimewasamehe wengi waliokosea. Mimi niliona, nikaandika kwamba sikuona.

Siku ishirini na mbili baadaye mama yako alikuleta mbio. Mkono wako wa kulia ulikuwa unaning'inia kama wa mwanasesere. Nilipiga picha ya mkono, nikapiga na ya kifua. Mkono ulikuwa umevunjika. Na mbavuni, palepale, mafundo matatu; na chini yake mengine mawili. Nilitoa ile filamu ya kabatini nikaiweka kwenye taa kando ya hii mpya. Sijawahi kusoma picha iliyonisoma mimi hivyo.

Nilizichukua zote mbili kwa mkuu wangu wa wakati ule, marehemu sasa. Nikamwambia, "Huyu ni mtoto wa mdogo wangu. Ripoti ya kwanza ni ya uongo, na ni yangu." Aliziweka kwenye taa moja baada ya nyingine. Akasema, "Zote mbili nitazisoma upya na kuzisaini mimi. Wewe ni ndugu, hukuwepo." Nikaondoka pale nimefurahi, Chiriku. Furaha hiyo inanitia aibu hadi leo.

Kesi iliposikilizwa, picha zilipita kimya chini ya jina la mkuu. Aliyesimama mbele ya watu ni nesi wa wodi, aliyekuwa ameona alama za vidole mgongoni mwako akikuogesha. Baba yako akafungwa. Ukoo ukakaa kikao sebuleni kwetu, kila mmoja akatoa lake: mfitini, mwongo, alimtaka baba yako akakataliwa. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha pembeni nikimimina chai. Nilisema, "Mungu anaona." Wakadhani naunga mkono. Wiki ile mtu alivunja madirisha ya nesi kwa mawe, naye akaomba uhamisho. Miaka thelathini na sita nimekuwa nikisikia jina lake likitukanwa mezani, na mimi nikipitisha sukari.

Kwa hiyo baba yako hakusingiziwa. Mama Mwanya alisema alichokiona. Kilichomfunga baba yako ni hizi picha, na aliyezipeleka ni mimi. Kuzipeleka sijutii. Ningezipeleka tena leo, kwa miguu hii iliyovimba, bila viatu. Ninachojutia ni siku ishirini na mbili nilizompa, na yule mwanamke.

Sasa Fundi. Pengine hana kosa. Pengine bodi imeungua kweli. Lakini wewe hujui, na umekaribia kuandika kwamba unajua. Mwaka jana uliniambia mna mashine ya magurudumu, ile ya kusukumwa hadi kitandani kwa wagonjwa wasioinuka, na kwamba iko stoo. Nguvu yake inatosha kabisa kwa mtoto wa miezi minne. Isukume. Siku ya kumi na nne imepita, lakini mafundo hayakimbii. Utayakuta hata siku ya thelathini.

Kwenye bahasha kubwa kuna filamu mbili. Mkuu alinirudishia kesi ilipofungwa. Ni zako. Zishike mbele ya dirisha lenye mwanga.

Sikuombi kitu kwa ajili yangu. Piga picha.

Shangazi yako


6 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mapacha wamepona mafua. Mama yupo.

Bahasha ilifika tarehe ishirini na saba. Kuhusu yaliyokuwa ndani, kati yako na mimi, usiniulize kwa sasa. Nitakuambia ya mtoto.

Tuliitoa mashine ya magurudumu stoo mimi na matroni. Gurudumu moja limekwama, kwa hiyo ilikuwa inakwenda upande kama kaa. Kwenye ukumbi tukakutana na Fundi. Akaziba njia yote. "Daktari, hiyo mbovu, itawarushia shoti."

"Basi kaa mbali nayo, shemeji," nikamwambia.

Akacheka. Hakupisha. Matroni, ambaye unajua umbo lake kwa barua zangu, akaendelea kusukuma tu, bila kupunguza mwendo, mpaka ukuta ukampokea Fundi mgongoni.

Nilipiga picha ishirini na moja. Matroni alimshika mtoto kila pozi, amevaa aproni ya risasi ya kuzuia mionzi, anamwimbia. Kifua mara tatu, kama ulivyosema. Nilipoweka mshazari wa kushoto kwenye taa, nilianza kuhesabu kwa kidole.

Sita, shangazi. Mafundo sita, nyuma, karibu na uti wa mgongo, yamepangana kama vifungo vya koti. Na kichembe kingine kwenye goti la kulia, na kingine kifundo cha mkono. Mingine imepona zaidi, mingine kidogo: si siku moja. Damu safi. Mifupa yenyewe mizima, migumu, haina maradhi yoyote.

Sikumwambia mkuu kitu. Nilimpelekea filamu chumbani kwake, nikamwambia asome peke yake, nami nimeshazisoma kivyangu. Baada ya nusu saa akatoka. "Ngapi?" akaniuliza. "Sema wewe kwanza," nikamjibu. Akasema, "Sita," kwa sauti ndogo. Kisha akashika fremu ya mlango. "Nilikuwa nimeshampangia kwenda nyumbani." Akaomba kalamu yangu, akatia sahihi chini ya yangu, akaandika na cheo chake chote.

Kamati haikuchukua dakika kumi. Ustawi wa jamii walikuja, na polisi. Mke wa Fundi aliwatazama wakimtoa mumewe mlangoni, akaendelea kuutazama mlango ulivyofungwa, halafu akaanza kusema, na alisema mpaka chai ya jioni. Fundi wa hospitali nyingine amekuja kuifungua mashine. Bodi haijaungua. Ni waya mmoja umechomolewa na ncha yake imefungwa utepe vizuri, kama kazi ya mtu anayekusudia kuurudisha.

Mashine inafanya kazi. Mama na mtoto wako kwa bibi yake. Leo wamekuja kliniki, na mtoto amenichekea usoni. Matroni anasema ni gesi tumboni. Ni kicheko, mimi nakijua.

Chiriku


18 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya tano nilimsomea dada yako kwa sauti, na kwa kuwa sijisikii nikisema, jirani alikuja kuuliza timu gani imefunga. Sita! Na waya wenye utepe! Na matroni! Mpe mkono wangu huyo matroni.

Daktari wangu anasema moyo umekuwa mkubwa. Nimemwambia akaulize ukoo kama wameona dalili.

Sikuulizi kitu. Ila nimemwandikia barua Mama Mwanya, na anwani yake sina. Nimeiweka humu. Mama yako aliwahi kusikia alikohamia.

Shangazi yako


11 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena ya miezi mitatu niliyokaa kimya. Nisingeweza kuandika mapema. Kila nikishika kalamu nilikuwa nataka kukutukana, nikimaliza kutukana nataka kukushukuru, na karatasi moja haikutosha.

Wote wazima. Mama ndiye aliyebadilika, utaona.

Kwanza nilijipiga picha. Ndiyo, kwa mashine ileile. Mbavu zangu ni safi kama za vitabuni, na mkono hauna hata kovu. Mfupa wa mtoto ukipona hufuta kila kitu. Bila zile filamu zako mbili, jambo hili lisingekuwa limeandikwa mahali popote duniani.

Halafu nikampa Mama azishike dirishani. Sikusema ni za nani. Alizitazama kidogo tu. Akasema, "Siku ile nilisikia mlio. Nilikuwa jikoni. Nikaongeza sauti ya redio." Akaketi. "Nikajiambia nikikubali kwamba nilisikia, nitakuwa nimefanya mimi. Kumchukia yule nesi ilikuwa rahisi zaidi." Mapacha waliporudi kutoka shule walitukuta palepale dirishani. Wiki moja hatukuzungumza vizuri. Wiki ya pili alivaa gauni lake la heshima akasema, "Twende kwa huyo mama. Najua anakokaa, nimejua miaka yote."

Ni miji miwili kutoka hapa. Mama Mwanya alitufungulia mwenyewe, kastaafu, mwanya bado upo. Mama akaanza kupiga magoti pale mlangoni, na unajua magoti yale. Mama Mwanya akamshika kwapani: "Inuka, mama. Ukikwama hapo chini nani atakunyanyua?" Nikampa barua yako. Akaisoma amesimama, akaikunja ndogondogo, akaiweka mfukoni. "Huyu nitamjibu mwenyewe," akasema, "tena ana kwa ana."

Sasa kesi. Nilitoa ushahidi siku mbili. Wakili wa Fundi ni mtu wa tai pana na sauti ya kuita abiria. Akaniuliza kama si maradhi ya mifupa. Nikamwonyesha majibu ya damu, nikamwonyesha mifupa. Akauliza kama si kuanguka. Nikamwonyesha mafundo ya umri tofauti, nikamwambia basi alianguka mara tatu, kila mara kwa mbavu za nyuma, bila kuumia kichwa. Akachoka. Akageukia watu, akaweka mikono kiunoni.

"Daktari, hawa watoto wenu wa mbavu zilizobanwa, wa kwenye vitabu, umewahi kumwona japo mmoja aliyekua akawa mtu mzima mwenye akili zake?"

"Ndiyo."

"Yuko wapi?"

"Namwona kila asubuhi nikipiga mswaki."

Wakili akashusha mikono kutoka kiunoni. Nikafungua begi nikatoa filamu mbili. Hakimu aliinua mkono. "Hizo zirudishe, daktari, hazihusu kesi hii." Kisha akamtazama wakili juu ya miwani. "Lakini swali umeuliza wewe, na jibu limeshaandikwa. Una lingine?"

Wakili akaketi. Nyuma yangu nikasikia mtu analia kwa sauti, nikajua ni Mama, na sikugeuka kwa sababu ningelia na mimi.

Jana hukumu imesomwa. Miaka tisa. Mke wa Fundi alinikumbatia na mtoto akiwa katikati yetu. Ana meno mawili, akaning'ata kola. Mkuu amebandika ukutani orodha ya picha zote, moja moja, na chini yake maneno: siku ya kumi na nne, na wasomaji wawili. Amri ya idara. Hakuna mtoto atakayepigwa tena kwa kaseti moja hapa.

Uliandika kwamba huniombi kitu kwa ajili yako. Nakupa bila kuombwa. Zile siku ishirini na mbili zinaniuma, na zitaniuma. Lakini aliyenitoa mle ndani ni wewe, dhidi ya mdogo wako uliyembeba mgongoni, na mimi nipo. Nakupenda, mama yangu mkubwa wa upande wa baba.

Jumamosi ijayo atakuja mgeni kwako kwa basi la mchana. Amekataa nimsindikize. Anasema usithubutu kufa kabla hajafika, ana maneno ya miaka thelathini na sita.

Chiriku


2 Julai

Chiriku wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Huyu anayeandika ni dada yako. Mimi natamka, naye anajitia hasikii ninapomsifu mwingine.

Niliisoma habari ya mswaki, nikaomba nipelekwe kibarazani niisome mbele ya watu. Mkuu wako umwulize kama orodha yake ina nyayo. Kama haina, aongeze.

Mgeni alikuja. Aliingia chumbani na mkoba wake mdogo, akanitazama toka juu hadi chini kama mgonjwa aliyeletwa na faili la mwingine. Nilikuwa nimejipanga. Nilikuwa na maneno yangu nimeyaandika, kurasa mbili. Nikaanza, "Dada yangu, mimi ndiye—"

"Najua," akasema. "Niliwahi kukuona ukitoka kwa mkuu na filamu mbili, macho yamevimba kama ya mtu aliyepigwa. Nilijua siku ileile."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema, mawe yalipoanza. Angesema tu ni mimi, wangemwachia.

Akavua viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda changu bila kukaribishwa. "Ningewaambia, wangekufukuza wewe kwenye ule ukoo. Nani angebaki ndani kumwangalia mtoto? Mimi nilikuwa naweza kuhama. Mtoto hakuwa na pa kuhamia."

Akanipangusa uso kwa ncha ya shuka, akaniambia nimezeeka vibaya, tukacheka mpaka kikohozi kikanishika na dada yako akaja mbio na dawa.

Basi nilikuwa nimedanganyika hata katika kujilaumu. Nilidhani nilimtupia mzigo mtu asiyejua, nikaficha uso miaka yote hii. Kumbe tulikuwa watatu tumekushika: mkuu kwa sahihi yake, yeye nje, mimi ndani, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Na wewe ulipitia katikati yetu ukakua, ukasema maneno kabla ya kutembea, ukawa daktari, ukasimama mbele ya hakimu.

Ningelijua mapema ningetembea kifua mbele miaka thelathini na sita. Natembea hivyo sasa: kutoka kitandani hadi dirishani ni hatua tisa, dada yako ananishika kiwiko hiki, Mama Mwanya kile, na leo asubuhi nimekwenda na kurudi mara mbili.

Shangazi yako